Kifuniko cha Mbao Juu ya Tangi la Samaki

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo, nacho ni kifuniko cha mbao kinachowekwa juu ya tangi la kioo la kufugia samaki. Huenda mmoja wenu akasema, "Habari hii yatufaa nini sisi tusio na tangi wala samaki?" Twamwomba asubiri kidogo. Ubao unaofunika maji ni ndugu wa ubao wa mtumbwi, wa mlango wa jikoni na wa mzinga wa nyuki; ni ndugu pia wa yale magogo yaitwayo matimba, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita hutegemezea maduara yao. Adui wao wote ni mmoja, naye ni unyevu. Ajuaye kumzuia mahali pamoja ataweza kumzuia na pengine.

Kwanza yatupasa kueleza sababu ya kufuga samaki katika chuo cha ualimu hapa Shinyanga, mbali na ziwa. Katika Ziwa Victoria wamo samaki wadogo waitwao furu. Zamani aina zao zilihesabiwa kwa mamia, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1950 sangara aliletwa ziwani, na katika miaka ya 1980 akaongezeka mno. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya uvuvi mwingi na kuchafuka kwa maji, aina nyingi za furu zilitoweka. Tulitaka walimu wa kesho wawaone hao waliosalia kwa macho yao wenyewe, wala si katika picha tu. Maana furu jike ana desturi ya ajabu: huyaweka mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na watoto waonapo hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Basi kwa ruhusa ya afisa wa uvuvi tuliwapata furu wanane kutoka Ghuba ya Nungwe, upande wa Geita.

Tangi lisilo na kifuniko halifai. Samaki huruka wakaanguka sakafuni, paka hupata karamu, na vumbi la kiangazi huingia majini. Kwa hiyo tulikata mbao za msonobari, tukazipigilia misumari, tukatundika taa ndani yake, tukafurahi. Hatukupaka kitu chochote. Kabla masika hayajaisha, kifuniko kilikuwa kimepindika, maungio yameachana, na upande wa ndani umeota kuvu jeusi.

Sababu yake ni hii. Maji ya tangi hupata joto la mchana na la taa, nayo hutoa mvuke. Mvuke hupanda, na unapokutana na ubao ulio baridi kuliko wenyewe hugeuka kuwa matone, kama yale tuyaonayo chini ya kifuniko cha sufuria. Sasa, ubao ni kama mganda wa mirija midogo sana. Ukiutazama ubao pale ulipokatwa na msumeno, yaani kichwani, ndipo midomo ya mirija hiyo ilipo, na hapo hunywa maji upesi kupita usoni. Ukisha kunywa hutanuka kwa upana, wala si kwa urefu, ukikauka hunywea. Kutanuka na kunywea huku kila siku ndiko kulegezako misumari na kufungua maungio. Kisha kuvu huingia, kwa kuwa kuvu hutaka vitu viwili pamoja, maji na hewa. Ndiyo maana gogo lililozama kabisa ziwani huweza kukaa miaka mingi, lakini nguzo ya gati huoza pale maji yanapopanda na kushuka.

Hapo tulifanya kosa la pili, nalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Tulichukua oili chafu ya magari, kama watu wengi wafanyavyo kwa nguzo za nyumba ili kuzuia mchwa, tukaupaka ubao ndani na nje. Kwa macho ulipendeza, na maji hayakuingia. Walakini matone ya mvuke yaliendelea kufanyika, na kila tone lililorudi majini lilichukua oili kidogo. Siku ya tatu asubuhi tuliwakuta samaki wote wanane wanaelea, na mmoja wao alikuwa jike mwenye mayai kinywani. Mwanafunzi mmoja akatuuliza, "Mwalimu, je, tumeponya ubao kwa kuua samaki?" Hatukuwa na jibu. Twawasimulia ninyi habari hii ili mtu mwingine asijifunze kwa njia ile ile.

Tangu siku ile tumeshika kanuni moja: dawa ya ubao uliopo juu ya maji yenye uhai isiwe na sumu kwa kilicho ndani ya maji. Kwa hiyo lami, oili chafu, dawa za mchwa, na mbao zilizotiwa dawa kiwandani, ambazo mara nyingi zina shaba ndani yake, zote hazifai. Shaba kidogo sana yatosha kudhuru samaki.

Sasa sikilizeni namna tulivyotengeneza kifuniko cha pili. Mbao tulichagua mninga uliokauka vizuri, maana mninga haupindiki sana wala hauozi upesi. Asiyeweza kupata mninga atumie msonobari, bali aupake kwa uangalifu zaidi. Maungio tuliyatia gundi isiyoyeyuka kwa maji, tukafunga kwa skrubu za shaba nyeupe zisizoota kutu. Skrubu zenyewe tulizizamisha, tukafunika vichwa vyake kwa mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao, ili matone yasiguse madini.

Kisha tukasugua ubao kwa msasa mpaka ukawa laini, tukafuta vumbi lote. Mkono wa kwanza wa vanishi tuliuzimua kwa tapentaini, sehemu moja ya tapentaini kwa sehemu mbili za vanishi, upate kuzama ndani ya mirija. Ulipokauka tukasugua kidogo, tukapaka mikono mitatu mingine isiyozimuliwa, na kila mmoja tukauacha ukauke kabisa. Vichwa vya mbao tuliviongezea mikono miwili. Tulipaka ndani na nje sawasawa. Maana ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili, ukapindika. Mwisho wa yote, tuliuacha juani na upeponi majuma mawili, hata harufu ya vanishi ikaisha kabisa. Haraka haraka haina baraka, na harufu ikingali ipo, sumu nayo ingali ipo.

Lakini vanishi peke yake haitoshi. Tuliweka kipande cha kioo baina ya maji na ubao, tukakiinamisha kidogo ili matone yateremke na kurudi tangini. Nyuma ya kifuniko tulitoboa matundu ya kupitisha hewa, tukayaziba kwa wavu mwembamba. Taa nayo iko juu ya kioo, na waya wake umening'inia chini kuliko soketi kabla ya kupanda tena, ili tone lifuatalo waya lianguke sakafuni, lisiingie katika umeme.

Kabla ya kukiamini tulikijaribu. Tulichukua vipande viwili vya mbao vilivyo sawa, kimoja kimepakwa na kimoja hakikupakwa, tukavipima kwa mizani ya duka, tukaviweka usiku kucha juu ya beseni la maji ya moto. Asubuhi tukavipima tena. Kile kisichopakwa kilikuwa kimezidi uzito, na kile kilichopakwa kilikuwa karibu vile vile. Wanafunzi waliona kwa mizani jambo ambalo tungelisema ubaoni mara kumi wasilisadiki.

Wala msidhani maarifa haya ni mageni kwetu. Mafundi wa majahazi wa pwani tangu zamani hukalafati nyufa kwa pamba, wakapaka mbao sifa ya papa, na chini ya chombo wakapaka deheni, yaani chokaa na shahamu. Sisi wa Shinyanga pamba twailima, na nta ya nyuki twaipata kwa majirani zetu wa Tabora. Nta ikiyeyushwa ndani ya chombo kilichosimama katika maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, hufaa kuziba nyufa ndogo. Ila isiwekwe karibu na taa yenye joto, kwa kuwa huyeyuka.

Leo furu wengine wamo tangini, na kifuniko kimekwisha kupita masika mawili bila kupindika. Mwezi uliopita tuliona ufa mwembamba wa vanishi kichwani mwa ubao mmoja, tukausugua na kuupaka siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nanyi mnaofanya kazi katika maduara ya Geita, chukueni kisu mkachome matimba yenu, hasa pale yanapolowa na kukauka kwa zamu. Kisu kikizama kwa urahisi, ondokeni kwanza, mkabadilishe gogo kabla mtu hajashuka tena. Kwetu sisi kosa la ubao lilitugharimu samaki wanane. Kwenu laweza kugharimu mtu.