Kuomba nafasi ya kusomea tiba ya viungo: mambo ya kutayarisha mapema

Haya ni maneno ya mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyezungumza na wahudumu wa kujitolea wa ukarabati, vijana waliomaliza sekondari na wazazi wa makazi yetu hapa Uganda. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Mmeniomba nieleze jinsi mtu anavyoingia shule ya tiba ya viungo, ambayo wengi huiita fiziotherapia. Vijana wanauliza waanzie wapi. Wazazi ambao watoto wao walihamia Marekani wanasema watoto hao wanaandika wakidai vyeti na tarehe, nao hawaelewi ni vya kazi gani. Nitajibu yote mawili.

1. Kazi yenyewe

Tiba ya viungo si kukanda mwili tu. Mtaalamu humpima mgonjwa, hutafuta chanzo cha udhaifu, kisha huchagua zoezi linalofaa. Chukueni mfano wa mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, hasa usiku, hadi umri wa miaka minne hivi. Asiyejua akiuvuta mguu huo kwa nguvu, anaweza kumwumiza mtoto. Ndiyo sababu shule ni ndefu. Cheti cha semina ulichopewa hapa ni kizuri, nacho kitunze, lakini hakikufanyi kuwa mtaalamu.

2. Kwa wanaotaka kusoma hapa Uganda

Hapa mtu huanza moja kwa moja baada ya sekondari. Stashahada hufundishwa Mulago, Kampala. Shahada ya kwanza hutolewa na Chuo Kikuu cha Mbarara. Biolojia, kemia na fizikia ndiyo masomo yanayotazamwa sana. Aliyekwisha kuyaacha kidato cha pili atapata shida, kwa hiyo wazazi wasikilize mapema mtoto anapochagua masomo.

Waliosoma Kongo wanapaswa kupeleka Diplôme d'État yao kwa baraza la mitihani la Uganda, UNEB, ili ilinganishwe na vyeti vya hapa. Jambo hilo huchukua muda. Msingoje hadi tangazo la nafasi litoke.

Kuhusu ada, upo msaada wa masomo uitwao DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na unaosimamiwa na UNHCR. Ni wa wakimbizi wanaosoma shahada ya kwanza katika nchi waliyokimbilia. Wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache.

3. Kwa walioko Marekani

Huko utaratibu ni tofauti. Tangu mwaka 2016 kila shule ya wataalamu wa tiba ya viungo iliyoidhinishwa hutoa shahada ya udaktari wa fani hiyo, DPT. Kwa kawaida mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya miaka minne, ndipo asome miaka mitatu zaidi. Baada ya hapo hufanya mtihani wa taifa, NPTE, na kuomba leseni katika jimbo lake. Jumla ni kama miaka saba. Kijana akisema bado anasoma, msidhani anacheza.

Shule nyingi hupokea maombi kupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao PTCAS. Kila shule ina masharti yake, lakini haya yanafanana karibu kote:

(a) Masomo ya lazima: anatomia na fiziolojia, biolojia, kemia, fizikia, takwimu na saikolojia. Shahada ya kwanza yenyewe inaweza kuwa ya fani yoyote, mradi masomo hayo yamo. Shule nyingi hutaka wastani usiopungua 3.0 kati ya 4.0.

(b) Saa za kushuhudia kazi, kwa shule zinazozitaka: mwombaji hukaa na mtaalamu mwenye leseni, anatazama na kuandika. Shule nyingine hukubali tu saa zilizosimamiwa na mwenye leseni ya Marekani. Hata hivyo saa za hapa zikiandikwa vizuri humsaidia mwombaji kueleza alikotoka.

(c) Barua za watu wanaomfahamu kwa kazi au masomo. Mchungaji au jirani mwema hatoshi. Anatakiwa mwalimu wa sayansi au mtaalamu aliyemsimamia.

(d) Maelezo ya mwombaji mwenyewe. Hapa vijana wetu wengi hudhani ni lazima wasimulie mateso yote ya vita. Hakuna anayewalazimisha. Shule inataka kujua kwa nini umechagua kazi hii. Kijana aliyemsaidia bibi yake kujifunza kutembea tena baada ya kiharusi, akaeleza alichofanya siku kwa siku, amejibu swali.

(e) Vyeti vya nje vilivyokaguliwa. Aliyesoma chuo Kongo au Uganda kabla ya kusafiri hutakiwa kupeleka matokeo yake kwa wakaguzi wanaotambuliwa. Hapo ndipo barua zinapokuja kwenu, wazazi.

Kwa asiyeweza kungoja miaka saba, iko kazi ya msaidizi wa tiba ya viungo, ambayo husomewa kama miaka miwili. Ni kazi ya heshima na ina mshahara. Lakini ajue kwamba masomo mengi ya usaidizi hayahesabiwi anapoomba shule ya DPT baadaye.

4. Wazazi mnaweza kufanya nini

Tunzeni karatasi. Vyeti vya shule, matokeo ya kila mwaka na barua za walimu viwekwe ndani ya plastiki, mbali na mvua na panya. Nakala moja apewe mtu mwingine mnayemwamini.

Angalieni majina. Mtoto akiandikwa Bahati kwenye cheti cha shule na Baati kwenye kadi ya ukimbizi, huko mbele atasumbuliwa. Vivyo hivyo tarehe ya kuzaliwa: wengi wetu tuliandikiwa Januari 1 kwa kukosa kumbukumbu. Kosa lirekebishwe ofisini mapema, si siku ya mwisho.

Msinunue cheti cha kughushi. Kikigunduliwa, hata cheti cha kweli alichonacho kijana hakitaaminiwa tena.

Pia msimpe pesa mtu anayedai kuuza nafasi ya chuo au ya safari. Huduma za UNHCR na za mashirika yanayoshirikiana nayo ni za bure.

5. Neno la tahadhari

Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zimeshapewa tarehe zilibaki. Najua baadhi yenu mmo humu. Niliyoyasema juu ya Marekani ni kwa ajili ya waliokwisha fika huko. Yasimfanye kijana aache shule ya hapa akisubiri ndege. Biolojia anayoisoma hapa itamsaidia popote atakapokuwa.

Na ninyi wahudumu wa kujitolea, anzeni kesho. Nunueni daftari moja. Kila siku andikeni tarehe, saa mlizofanya kazi, tatizo la mgonjwa bila jina lake, na zoezi lililofanywa. Mwisho wa mwezi msimamizi atie sahihi. Msimamizi huyo anaweza kuhamishwa wakati wowote, na akiondoka hakuna mwingine atakayeweza kushuhudia kazi yenu.

Wenye maswali wabaki tuzungumze.