Pikapu ya Bei Rahisi: Tununue au Tuache?

(Mazungumzo ya ofisi yetu ya maendeleo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)

Tulikuwa tumepanga kuzungumza juu ya vitalu vya miti. Lakini kikundi kimoja kilitufikia juzi na swali ambalo haliwezi kungoja, na tukaona ni swali la vikundi vingi. Kwa hivyo miti tutaizungumzia siku nyingine.

Swali lenyewe ni hili. Wanachama 24, wengi wao akina mama, wanalima nyanya, kabeji na pilipili hoho huku juu upande wa Wundanyi. Wameweka akiba miaka saba, shilingi mia, shilingi mia mbili, mpaka wamefikisha 310,000. Kila siku ya soko wanakodi gari la kuteremsha mboga Voi. Mara nyingine mwenye gari haji, nyanya zinalala kando ya barabara, na kesho yake ni za kulisha ng'ombe. Sasa amepatikana mtu wa Mombasa anayeuza pikapu ya zamani, Peugeot 504, kwa shilingi 280,000. Ameipaka rangi, inang'aa. Anataka jibu kabla ya Jumamosi kwa sababu, ati, kuna mnunuzi mwingine.

Kabla hatujajibu, lazima tuwaambie jambo letu wenyewe, maana wengine wenu mnalijua na mnanyamaza kwa heshima. Miaka kadhaa iliyopita ofisi hii ilihimiza kikundi kimoja kununua gari. Sisi ndio tuliosema, "Nunueni, msikawie." Gari lilikuwa rahisi. Wiki ya tatu likachemsha kwenye mlima, dereva akaongeza maji akaendelea, gasketi ikaungua. Likatengenezwa. Mwezi haukuisha gia nayo ikafa, na wakati huo hakukuwa na hata senti iliyobaki. Gari likasimama nyuma ya ukumbi mpaka kuku wakataga ndani yake. Hasara ya pesa ilikuwa kubwa, lakini kulikuwa na kubwa zaidi. Watu walianza kunong'ona kwamba mweka hazina alikula kitu kwa muuzaji. Hakula. Vitabu vyake tulivikagua na vilikuwa safi. Lakini mama yule aliacha kikundi, na baadaye kikundi chenyewe kikavunjika. Kosa lilikuwa letu, sisi tuliohimiza bila kupiga hesabu.

Basi leo tunaanza na hesabu. Gari lenyewe tutalitazama baadaye.

Hebu tuchukue kalamu. Tuseme kukodi gari kwenda Voi na kurudi ni shilingi 4,500. Kikundi kinakwenda mara mbili kwa wiki, yaani safari 8 kwa mwezi. Hiyo ni 36,000 inayotoka mfukoni kila mwezi. Ukiitazama namna hiyo unasema, "Mbona tunamtajirisha mwenye gari? Tununue letu!"

Sasa tuweke letu. Safari ya kwenda na kurudi tuseme ni kilomita 90 pamoja na kupita mashambani. Pikapu kuukuu yenye mzigo, kwenye milima hii, tuseme inakwenda kilomita 7 kwa lita. Hizo ni lita 13. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, nanyi mnajua inavyopanda na kushuka. Tuseme 180 kwa lita. Safari moja ni 2,340, safari 8 ni 18,720. Dereva 800 kwa siku, hiyo ni 6,400. Bima, tuigawe kwa miezi, 1,500. Oili na filta, 700. Halafu kuna fungu ambalo watu hulisahau: tairi, breki, klachi, betri, springi zinazokatika kwenye mashimo. Gari la umri huo usipoliwekea 7,000 kila mwezi, litakuja kuzichukua siku moja zote pamoja, tena siku ya soko. Jumla ni 34,320.

Toeni hiyo kwa 36,000. Inabaki 1,680.

Ndiyo, 1,680 kwa mwezi. Kurudisha 280,000 kwa mwendo huo ni karibu miaka 14. Pikapu yenyewe haina miaka 14 iliyobaki ndani yake.

Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, anaona tumewavunja moyo. Ngojeni kidogo. Wekeni safari 16 kwa mwezi badala ya 8, kwa sababu labda vikundi viwili vimeungana, au kuna mzigo wa kurudi nao kama vile mbolea, simenti, vitu vya duka. Kukodi kungekuwa 72,000. Gari lenu, tukipandisha fungu la matengenezo mpaka 10,000, linagharimu 63,140. Sasa linaokoa 8,860 kila mwezi, na bei yake inarudi kwa miezi 32. Gari ni lile lile na bei ni ile ile, ila sasa lina kazi. Hizi ni hesabu za mfano. Kila kikundi kiweke tarakimu zake. Lakini mtaona kwamba bei ya kununulia, ile inayofanya macho yetu yang'ae, ndiyo ndogo katika mambo yote. Kinachoamua ni siku ngapi gari litabeba mzigo wa kulipa, na kama kikundi kinaweza kuishi likilala gereji mwezi mzima.

Nyanya zilizooza zina nafasi yake pia katika hesabu. Andikeni ni kreti ngapi zilizopotea mwaka huu kwa sababu gari la kukodi halikuja. Msikisie, andikeni. Kama ni nyingi, pengine hizo peke yake ndizo zitakazonunua gari. Kama ni mara mbili tu kwa mwaka, basi ni nafuu kutafuta mwenye gari wa pili wa kumpigia simu.

Jambo jingine. Mwenye 310,000 asinunue gari la 280,000. Atabaki na 30,000, na hizo zitakwisha kwa tairi tu. Sisi tungependa theluthi moja ya pesa ibaki benki siku gari linapofika nyumbani. Kwa kikundi hiki maana yake ni gari la kama shilingi 200,000, au kungoja.

Msituelewe vibaya, hatusemi gari la zamani ni baya. Gari jipya hupoteza thamani nyingi miaka yake ya kwanza, na hasara hiyo ameibeba mtu mwingine. Pikapu ya zamani iliyotunzwa unaweza kuitumia miaka mitatu ukaiuza kwa bei isiyo mbali sana na ile uliyonunulia. Tena Peugeot 504 tunaiheshimu. Iliwahi kushinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wazee hapa wanakumbuka zilivyokuwa zikipanda milima hii zimejaa watu na mbuzi. Lakini jina zuri la zamani halitengenezi gari la leo. Ulizeni spea ziko wapi: je, Voi zipo, au ni lazima mtu apande basi mpaka Mombasa? Fundi anayeijua yuko karibu? Gari la kawaida ambalo kila jua kali analifahamu, Toyota au Isuzu iliyochakaa kidogo, linaweza kuwashinda magari mazuri yasiyo na spea.

Na umri wa gari msiusome kwenye namba. Namba zinazoanza na KA zilianza kutolewa 1989, KB mwaka 2007, KD mwaka 2020. Hiyo ni tarehe ya kusajiliwa Kenya, si ya kutengenezwa. Kwa kawaida sheria yetu hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka 8 tangu usajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo gari la KB la 2007 laweza kuwa lilianza kazi huko nje karibu na mwaka 2000. Lakini sheria hiyo ina faida moja kwetu. Gari la miaka 25 lililoingia kwa njia halali limeishi Kenya muda mrefu. Lina historia hapa hapa. Kuna wenyewe waliolimiliki, kuna fundi aliyelifungua. Watafuteni, waulizeni.

Kuhusu karatasi tutasema kwa ufupi, ingawa ndiko wengi huumia. Jina lililo kwenye logibuku liwe la mtu aliyesimama mbele yenu na kitambulisho chake. Namba ya chesi na ya injini msiamini kwa kusomewa. Inameni, futeni vumbi, mlinganishe wenyewe. Ombeni NTSA kumbukumbu za gari hilo, mjue mwenyewe ni nani, na kama limewekwa rehani kwa mkopo. Uhamisho siku hizi unafanywa kwa njia ya eCitizen: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali. Pesa ya mwisho isitoke kabla ya hapo. Na gari liandikwe kwa jina la kikundi, kwa PIN ya kikundi. Tafadhali, lisiandikwe kwa jina la mwenyekiti hata akiwa mtu mwema namna gani. Mwenyekiti akifariki, warithi wake watalidai, nao watakuwa na karatasi.

Bima nayo ina mambo yake. Bima ya kubeba mali yenu wenyewe si sawa na ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Kama katika ile hesabu mmeweka mbolea ya jirani, basi bima iwe ya kazi hiyo. Na watu wasipakiwe nyuma juu ya kabeji. Tunajua inafanyika kila siku ya soko. Gari likianguka kwenye zile kona za kuteremka Mwatate, hakuna atakayewalipa.

Sasa gari lenyewe. Nendeni na fundi wenu, mumlipe nyinyi, asiwe rafiki wa muuzaji. Nendeni asubuhi na mapema na mseme mapema kwamba injini isiwashwe kabla hamjafika. Wekeni mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, mtu ameiwasha ili kuficha ugumu wake wa kuwaka, na hapo mmekwisha kujua jambo moja juu ya muuzaji. Injini ikiwa bado baridi, fungueni rejeta mtazame maji. Chomoeni kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha kwamba maji yameingia. Iwasheni mmoja wenu akiwa amesimama nyuma. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, inakula maji. Mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri, na huo mara nyingi unatengenezeka kwa pesa kidogo.

Rangi mpya ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko moshi. Gari lililoishi Mombasa limepulizwa na upepo wa chumvi, na kutu huanzia chini, kwenye chesi, pasipoonekana. Chukueni sumaku ndogo, ile ya spika ya redio mbovu, mpitishe juu ya bodi. Mahali isiposhika, chini ya rangi kuna pati, wala si bati. Lala chini, gonga chesi kwa bisibisi. Injini mbovu hununuliwa nyingine. Chesi iliyooza ni kwaheri.

Halafu liendesheni. Msiliendeshe kwenye lami tambarare ya muuzaji. Lipandisheni mlima likiwa na mzigo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Mtazame mshale wa joto. Msikilize kama gia inaruka yenyewe. Mkiteremka, jaribuni breki mara nyingi, moja baada ya nyingine, muone kama zinashika mpaka chini. Muuzaji akikataa gari lipande mlima, msibishane naye. Mshukuruni, mwende zenu.

Kikundi kilichotuletea swali hili kimeketi pale nyuma. Tulipiga nao hesabu jana mpaka taa ikawashwa. Kwa safari zao za sasa gari halijilipi. Lakini kikundi cha ng'ambo ya bonde nacho kinakodi gari siku nyingine za wiki, na hawajawahi kuzungumza. Watakutana Jumatano. Kila upande utakuja na daftari: safari za miezi mitatu, kreti zilizobebwa, kreti zilizooza.

Mweka hazina wao alituuliza, "Na Jumamosi ikipita, gari likauzwa?" Tulimwambia liuzwe. Yako mengine barabarani. Akauliza tena, "Na hesabu ya Jumatano ikikubali?"

Basi hapo, mama, tutafuteni. Tutateremka pamoja na basi la usiku, tuwe Mombasa saa kumi na mbili asubuhi, na fundi, na sumaku, na bei yenu ya 200,000 mdomoni. Pesa zenyewe zitabaki benki.