Seva Yenye Njia Mbili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutunza kompyuta za ofisi ya umma. Nimechagua jambo moja: seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, iliyounganishwa na intaneti za kampuni mbili.

Sisi watu wa Kilwa na Lindi twajua thamani ya njia ya pili. Mwezi Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na wenye magari wakabaki na njia ya kuzunguka Masasi, Tunduru na Songea. Tarehe 12 mwezi huo huo, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikayumba nchini kote.

Kwa hiyo ni busara ofisi kuwa na laini mbili. Lakini kulipia laini mbili siyo kuwa na njia mbili. Seva ikiachwa kama ilivyo, hufuata jedwali moja la njia, lenye lango kuu moja. Ombi likiingia kwa laini ya pili, jibu lake hutokea laini ya kwanza, likiwa na anwani ya laini ya pili. Kampuni ya kwanza ikiona anwani isiyo yake, mara nyingi hulitupa, ili kuzuia wadanganyifu. Taa zote zinawaka, na mwananchi hajibiwi.

Dawa yake ni hii. Kwanza, kila laini ipewe jedwali lake, lenye lango la kampuni yake. Pili, iwekwe kanuni: jibu lenye anwani ya laini ya kwanza lisome jedwali la kwanza, na lenye anwani ya pili lisome la pili. Linux ina uwezo huo tangu toleo la 2.2 la mwaka 1999. Tatu, kanuni hizo ziandikwe katika faili la mipangilio, zisipotee umeme ukikatika. Nne, seva ipime kila laini kwa kuita kompyuta iliyo mbali, ng'ambo ya lango. Laini ikifa, lango kuu lihamishiwe kwenye iliyo hai.

Kisha ulizeni: je, laini hizo mbili hazipiti nguzo zile zile na daraja lile lile? Na siku isiyo ya kazi, chomoeni moja kwa makusudi, muone.

Vijana, msiione kazi hii kuwa ya waya tu. Mzee aliyetoka Nangurukuru kufuata cheti Kilwa Masoko amelipa nauli. Akiambiwa "mtandao haupo", atalipa tena kesho, na laini ile ya pili imekwisha kulipiwa kwa kodi yake.