Siku Kumi na Mbili za Kocho: Wajibu wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari



Mkataba wa 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari unazitaka nchi zilizouridhia zizuie na ziadhibu. Mada yangu ni kuzuia, maana huko ndiko serikali zinakokwepa. Mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba wajibu huu huanza pale dola inapojua, au ilipopaswa kujua, kuwa hatari kubwa ipo. Hausubiri maiti zihesabiwe.

Sisi Watanzania tunajua kusubiri kulichozaa. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake huko hadi 270. Wiki moja baadaye Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi.

Miaka ishirini ikapita. Tarehe 3 Agosti 2014 Daesh, kundi linalojiita Dola la Kiislamu, waliivamia Sinjar, kaskazini mwa Iraki, nyumbani kwa Wayazidi, jamii ndogo ya kidini. Wapiganaji wa Kikurdi waliokuwa wakiwalinda walikwisha kuondoka bila kuwaonya. Maelfu walikimbilia Mlima Sinjar, na watoto wakafa kwa kiu. Kijiji cha Kocho, kilicho kwenye tambarare, kilizingirwa. Watu wake walikuwa na simu. Walipiga kwa jamaa zao, na habari zikafika hadi Washington. Kwa siku kumi na mbili ilijulikana wako wapi na nani amewazingira. Ndege za Marekani zilikuwa zikishambulia Daesh tangu Agosti 8. Agosti 14 Rais Obama alitangaza kwamba mzingiro wa mlima umevunjwa.

Kesho yake Kocho ilikusanywa shuleni. Wanaume walipakiwa kwenye magari, wakapelekwa nje ya kijiji, wakapigwa risasi. Wanawake wazee waliuawa Solagh, karibu na mji wa Sinjar. Wasichana na mama zao wakagawanywa kama ngawira. Mmoja wao, Nadia Murad, alikuja kupata Nobeli ya Amani mwaka 2018. Wengine waliuzwa Mosul na Raqqa, picha zao zikitembezwa kwenye simu za wanunuzi. Daesh hawakuficha: Oktoba 2014 waliutetea utumwa huo katika jarida lao wenyewe. Hapo hakuna serikali iliyoweza kusema haikujua, lakini kazi ya kuwakomboa mateka iliachiwa zaidi jamaa zao, waliokopa fedha na kuwalipa madalali.

Tume ya Umoja wa Mataifa ilitamka Juni 2016 kwamba haya ni mauaji ya kimbari, na kwamba bado yanaendelea. Hukumu ya kwanza ya kosa hilo dhidi ya mwanachama wa Daesh ilitolewa Frankfurt, Novemba 2021. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokusanya ushahidi Iraki kilifungwa Septemba 2024, na zaidi ya Wayazidi 2,000 bado hawajulikani walipo.

Napendekeza semina hii iitake serikali yetu idai mambo mawili katika Umoja wa Mataifa, New York: kwamba utafutaji wa watu hao uwe na fungu lake la fedha, na kwamba Baraza la Usalama likipewa onyo la mauaji ya kimbari lijibu hadharani, kwa maandishi, litafanya nini na lini.