Muhuri wa Risasi

Somo: 2 Timotheo 2:14-21

Mshiriki akihamia mji mwingine na barua ya kanisa, wazee hutazama muhuri kwanza, ndipo wasome maneno.

Zamani huko Constantinople, mji uitwao leo Istanbul, maaskofu walipiga muhuri kwa madini ya risasi. Uzi uliofunga barua ulipitishwa katika kipande cha risasi chenye tundu, kisha kikabanwa kwa koleo la chuma lililochongwa maandishi. Aliyetaka kusoma ilimbidi akate uzi au avunje muhuri.

Barua zile karibu zote zimepotea. Mihuri imebaki, makumi ya maelfu. Nyumba ya Dumbarton Oaks huko Washington, Marekani, inayo ipatayo 17,000. Mingi ina ombi fupi upande mmoja, kwamba mtumishi huyu asaidiwe. Upande wa pili ni jina lake na cheo chake.

Nyuma ya vyeo hivyo kulikuwa na machozi. Mwaka 858 Askofu Mkuu Ignatios aliondolewa kitini. Photios, ambaye hakuwa hata kasisi, akapandishwa kwa siku chache tu. Kanisa likagawanyika. Mwaka 867 Photios akaondolewa, Ignatios akarudi. Ignatios alipofariki mwaka 877, Photios akarudishwa. Mwaka 886 akaondolewa tena, akafia uhamishoni. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba wawili hao walikuwa wamepatana kabla Ignatios hajafariki.

Ndugu yangu, nasi tumeyaona haya. Ugomvi wa kiti umeingia kanisani, mlango ukatiwa kufuli, muhuri wa ofisi ukafichwa, na akina mama wakaimba nje juani na watoto mgongoni. Tumeshika upande wa cheo, tukasahau upande wa ombi.

Paulo amkumbusha Timotheo kwamba Mungu naye ana muhuri wake: Yeye awafahamu watu wake, nao wauache uovu. Muhuri huo hautunzwi katika sanduku la mwenyekiti.

Je, yuko mtu mliyekosana naye kwa ajili ya kiti? Mwendee kabla ya Jumapili. Usingoje mmoja wenu azikwe.

Tuombe. Ee Bwana, tusaidie sisi watumishi wako. Vyeo vyetu vitapita. Utujue kuwa tu wako. Amina.