Siku za Rutuba ni Hesabu ya Wawili

Mazungumzo na wakazi wa Kangundo kuhusu njia asilia za kupanga uzazi



Njia asilia hazina tembe wala sindano. Wengine huzichagua kwa sababu ya imani, wengine kwa kuchoshwa na madhara ya dawa. Kinachowafanya wenzi waridhike nazo, hata hivyo, ni kujifunza pamoja.

Mbegu za mwanamume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, na yai huishi siku moja hivi. Kwa hiyo siku za rutuba ni chache. Kazi ni kuzitambua. Wapo wanaotumia shanga 32: nyekundu ni siku ya kwanza ya hedhi, nyeupe ni siku ya 8 hadi ya 19, na pete ya mpira husogezwa kila siku. Shanga humfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Ukitoka nje ya hapo zaidi ya mara moja kwa mwaka, atafute njia nyingine. Zikifuatwa barabara, wanawake 5 hivi kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka. Kwa matumizi ya kawaida ni 12.

Wengine huchunguza ute. Shirika la Afya Duniani liliitafiti njia hiyo katika nchi 5, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981. Zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 waliweza kuutambua ute wa rutuba katika mzunguko wa kwanza tu, wakiwemo wasiojua kusoma. Hata hivyo mimba zilipatikana, na nyingi zilitokana na wenzi waliokutana wakijua kabisa kwamba siku hizo ni za rutuba.

Hapo ndipo Kangundo inapoguswa. Akina baba wengi hufanya kazi Nairobi na hurudi wikendi au mwisho wa mwezi. Mama amehesabu vizuri, baba anashuka matatu Ijumaa jioni, na shanga ni nyeupe. Asiyefundishwa huona amekataliwa. Mama naye hunyamaza kwa hofu, na mimba ikiingia, lawama huangukia shanga. Baba aliyefika kliniki hata mara moja huuliza kwa simu kabla ya kupanda gari. (Swali lenyewe halimalizi hata shilingi 5 za kredo.)

Wasioweza kujizuia siku hizo watumie kondomu. Kondomu pia huzuia Ukimwi, jambo ambalo hesabu ya siku haiwezi. Mama aliyejifungua karibuni asianze na shanga: asubiri hedhi irudi na mzunguko utulie. Akinyonyesha maziwa ya mama pekee, usiku na mchana, bila hedhi, mtoto akiwa hajafikisha miezi 6, kunyonyesha kwenyewe humkinga.

Wanaotaka kufundishwa wamwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao, au wafike kliniki ya upangaji uzazi katika Hospitali ya Kangundo Level 4. Waende wawili.