Pima presha, mama, hata kama hakuna kinachouma

Mama zetu mliovuka miaka 45, presha haingojei kichwa kiume. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wenye presha hawajui kama wanayo, na kwa wanawake huzidi kupanda hedhi ikishakoma. Kuna anayesema: mimi nabeba makala hadi soko la Virunga kila siku, nitaugua vipi? Kazi inasaidia moyo, kweli, ila haiondoi chumvi ya samaki wa makayabu. Yaloweke, mwaga maji, loweka tena. Wengine wanaogopa dawa isiyoachwa. Mara nyingi haiachwi, lakini kiharusi kinacholetwa na presha nacho hakiachi mtu. Kwenye kituo cha afya, tulia dakika 5 kabla ya kupimwa. Ikifika 140 kwa 90, rudi siku nyingine ipimwe tena.